Nimepewa kazi ya kutembeza wageni ukumbi wa sanaa, lakini kitabu nilichoambiwa nisome sikielewi

Shikamoo Shangazi,

Naomba jina langu lisitajwe, wala mahali ninapofanyia kazi, maana watu wa fani hii mjini hapa wanafahamiana wote.

Nina miaka 36, ni mama wa watoto wawili. Naishi Mbagala, na kila asubuhi napanda daladala mbili mpaka kwenye ukumbi mmoja wa maonyesho ya sanaa upande wa baharini. Niliingia pale kama mhudumu. Kazi yangu ilikuwa kufagia, kufuta vumbi na kuwachemshia wageni chai. Baadaye nikawekwa mapokezi. Elimu yangu ni kidato cha nne.

Mwezi uliopita bosi aliniita ofisini. Dada aliyekuwa akiwatembeza wageni ameacha kazi, na bosi alisema kwa kuwa nimekaa pale muda mrefu na ninajua kuongea na watu, angependa nishike nafasi hiyo onyesho jipya litakapofunguliwa. Mshahara unaongezeka. Si nyingi, ila kwangu ndiyo sare, daftari na nauli ya mwanangu wa kwanza anayeingia sekondari. Nikakubali palepale. Bosi akafungua kabati, akatoa kitabu, akanikabidhi. Akasema, "Soma hiki, historia yote ya sanaa ya kisasa imo humu."

Shangazi, kitabu chenyewe ni kizito kiasi kwamba ukikishika kwenye daladala mkono unakufa ganzi. Kiingereza cha kuongea na wageni ninacho, na gazeti nasoma bila shida. Lakini mle ndani sentensi moja inakwenda mistari sita kabla haijapumua. Mambo kama minimalizimu na posti-modenizimu yanatajwa kana kwamba ni majirani niliozaliwa nikawakuta. Nikitumia simu kutafsiri, napata maneno ya Kiswahili ambayo nayo siyaelewi. Sura ya kwanza nimeimaliza na kuirudia, na ukiniuliza imesema nini, sina cha kukueleza.

Juzijuzi walikuja wanafunzi wa sekondari na mwalimu wao. Dada anayeondoka aliniambia nijaribu kuwatembeza. Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Kisha kijana mmoja akanyoosha mkono: "Dada, ile ndizi iliyobandikwa ukutani kwa tepu huko Marekani ikauzwa mabilioni, ni sanaa kweli? Mbona mama yangu anauza ndizi kila siku na hakuna anayemwita msanii?" Wenzake walicheka, lakini yeye hakucheka. Alitaka kujua. Mwalimu akasema muda umeisha, wakaondoka. Tangu siku hiyo swali lile silitoi kichwani. Nilitamani mno kumjibu yule mtoto.

Kuna mwenzangu kazini aliyesomea sanaa chuo. Mbele ya bosi tunasalimiana vizuri, ila nilimsikia kwa masikio yangu akimwambia mlinzi kwamba siku hizi hata wapiga deki wanafundisha sanaa. Iliniuma, na bado inaniuma.

Sipendi uone kama sanaa siijali. Kuna kazi moja pale, pazia kubwa lililoshonwa kwa mifuko mitupu ya saruji. Mimi ndiye ninayeisafisha, kwa brashi kavu ya rangi, kwa sababu kitambaa kinachubua maandishi. Masika ikiingia karatasi inanyonya unyevu, mishono ya chini inalegea, na pazia linashuka mpaka linagusa sakafu. Msanii mwenyewe aliwahi kunieleza kwamba mifuko aliiokota kwenye maghorofa yanayojengwa, na kwamba kila mfuko una mtu aliyeubeba begani. Hayo nayajua. Lakini mgeni akiniuliza kazi ile inahusiana vipi na historia ya sanaa duniani, nakuwa bubu.

Sasa nishauri. Nimwambie bosi kwamba kitabu chake kimenishinda? Ninyamaze, nikariri maneno makubwa machache ya kunivusha? Au niombe kurudi mapokezi mapema, kabla sijaumbuka? Na je, kipo kitabu cha kuanzia kwa mtu kama mimi? Kaka yangu wa Arusha ameahidi kuninunulia kimoja, na uwezo wake ni kimoja tu.

Mama wa wawili, Dar es Salaam

*

Marahaba mwanangu,

Ngoja kwanza niirudie barua yako kwa maneno yangu, uone kama nimekupata. Umepewa kazi ya heshima na nyongeza unayoihitaji. Pamoja na kazi umepewa kitabu, na kitabu kimegoma. Wewe umeviunganisha viwili hivyo: kwa kuwa kitabu kimekushinda, basi na kazi itakushinda. Maneno ya mwenzako kuhusu kupiga deki yakaja kukaza fundo hilo, na yule kijana naye akakuachia swali linalokunyima raha. Mimi naona mambo hayo ni tofauti, na yanahitaji kuangaliwa moja moja.

Tuanze na kitabu. Vitabu vya historia ya sanaa ya leo viko vya namna mbili, na jalada halikuambii ulichoshika ni kipi. Vipo vilivyoandikwa kumkaribisha mgeni. Vipo pia vilivyoandikwa na wahadhiri na waratibu wa maonyesho kwa ajili ya wahadhiri na waratibu wenzao. Hao wanabishana jambo walilolianza miaka mingi nyuma, kwa hiyo hawaoni haja ya kueleza nani ni nani. Msomaji mpya akiangukia kitabu cha namna hii hudhani kasoro ni yake. Wapo wenye shahada wanaoviacha njiani, ila hawaandiki barua kama wewe. Kwa jinsi ulivyokieleza, chako kinanukia mjadala wa wakubwa. Halafu nikuulize: una hakika bosi alikichagua akikufikiria wewe? Umesema alifungua kabati akakitoa. Huenda alichukua kilichokuwa karibu na mkono. Huenda hata yeye hakukimaliza. Simsemi vibaya, ninachotaka ni usikigeuze kitabu hicho kuwa mtihani ambao hakuna aliyeutunga.

Hata hivyo sitakuambia kwamba mapenzi yako kwa lile pazia yanatosha. Hayatoshi, na nadhani unajua, ndiyo maana umeniandikia. Mgeni atakayekuuliza kazi ile inahusiana vipi na historia ya dunia atakuwa ameuliza swali halali, na historia hiyo ipo, inasomeka, na una haki ya kuijua kama mtu mwingine yeyote. Tena jibu la swali lake linaanzia palepale kwenye mifuko yako.

Kule Ghana kuna msanii anaitwa Ibrahim Mahama, aliyezaliwa 1987. Huyu hushona magunia yaliyobeba kakao na baadaye mkaa, akayaunganisha mpaka yanafunika majengo mazima. Magunia yale yana majina na alama za watu waliopita nayo, jasho na vumbi lao limo. Mwaka 2015 aliyatundika kwenye maonyesho makubwa ya Venice, Italia, ambayo mwaka huo yaliongozwa na Okwui Enwezor wa Nigeria. Mwaka huohuo, Venice hiyohiyo, tuzo ya Simba wa Dhahabu ya heshima ya maisha ilikwenda kwa mzaliwa mwingine wa Ghana, El Anatsui, aliyeishi na kufanya kazi miaka mingi Nsukka, Nigeria. Yeye huunganisha vifuniko vya chupa za pombe kwa waya wa shaba mpaka vinakuwa kama nguo kubwa inayoning'inia na kujikunja. Sasa simama tena mbele ya pazia lako la saruji. Msanii wako anazungumza na watu hawa, awe amewahi kukutana nao au hajawahi. Wote wanachukua kitu kilichokwisha kazi yake, chenye alama za mikono iliyokibeba, na kukisimamisha mbele yetu ili tuulize mzigo ulikwenda wapi na nani alilipwa. Hapo mgeni wako amepata jibu, na hujataja neno hata moja linaloishia na "izimu".

Yule kijana wa ndizi nampenda bila kumjua. Kazi anayoisema ni ya Mwitaliano Maurizio Cattelan. Ilionyeshwa kwenye soko la sanaa la Miami mwishoni mwa 2019 kwa dola 120,000, na Novemba 2024 nakala yake moja ikauzwa kwenye mnada New York kwa zaidi ya dola milioni 6. Anayeinunua hapewi tunda la kuhifadhi, maana tunda linaoza. Anapewa cheti na maelekezo ya namna ya kubandika ndizi mpya. Na ndizi iliyotumika siku ya mnada ilinunuliwa kwa mchuuzi wa matunda barabarani, nje ya jengo lilelile, kwa senti 35. Mwandishi wa gazeti alimfuata mchuuzi yule akamweleza ilivyouzwa, na mzee wa watu akalia.

Unaona kijana wako alipogusa? Aliuliza kuhusu mama yake. Kumbe hata New York ndizi ilitoka kwa mtu kama mama yake, na watu walioandika habari za mnada ule walilazimika kusimama hapohapo aliposimama yeye. Ni nani mwenye mamlaka ya kusema hiki ni sanaa, na fedha zinakwenda kwa nani?

Swali hilo lina historia. Mwaka 1917, New York, chama kimoja cha wasanii kilitangaza kwamba kila atakayelipa ada ataonyesha kazi yake, hakuna kuchujwa. Mfaransa Marcel Duchamp, ambaye mwenyewe alikuwa kwenye uongozi wa chama hicho, akapeleka sinki la kukojolea wanaume alilolinunua dukani, amelilaza na kulisaini jina la uongo, R. Mutt. Wakubwa wa chama wakashikana mashati, sinki likafichwa lisionekane, na baadaye lenyewe likapotea. Ilibaki picha yake, na mwaka 1964 zikatengenezwa nakala. Tangu hapo kila msanii anayeleta kitu cha kawaida ukumbini, iwe ndizi, gunia au mfuko wa saruji, anapita mlango aliousukuma Duchamp. Kijana angependa kusikia hivyo. Na hulazimiki kumwambia kama ndizi ile ni sanaa kweli au si sanaa. Waliosoma miaka yote bado wanabishana. Mpe kisa, umwache na yeye abishane.

Haya, sasa kaka yako wa Arusha na kitabu chake kimoja.

Ukiuliza watu, wengi watakutajia The Story of Art cha E. H. Gombrich, kilichotoka 1950 na kuuzwa mamilioni ya nakala. Ni kitabu kizuri sana. Mwandishi aliwafikiria vijana wanaoanza, na alijizuia kuzungumzia kazi ambazo hawezi kuzionyesha kwa picha, kwa hiyo msomaji haachwi akikisia. Nakiheshimu kwa adabu hiyo. Ila sehemu kubwa yake ni Ulaya ya zamani, miaka unayoitafuta imesukumwa mwishoni, na toleo la kwanza halikuwa na msanii mwanamke hata mmoja. Ukikinunua utapata msingi, na maswali ya ukumbini yataendelea kukusubiri.

Kipo cha Will Gompertz, What Are You Looking At?, cha 2012. Gompertz alifanya kazi majumba ya sanaa ya Tate huko Uingereza kabla ya kuwa mhariri wa sanaa wa BBC, na anaandika kama mtu anayeongea nawe mezani. Sura yake ya kwanza ni hiyohiyo siku ya Duchamp na sinki lake. Kwa Kiingereza ulichonacho, nadhani hiki utakimudu, kidogo kidogo, ukiwa na simu pembeni kwa maneno machache. Kasoro yake ni kwamba dunia yake ni Ulaya na Marekani karibu yote. Ukisoma hicho peke yake unaweza kuamini kwamba sisi huku ni watazamaji tu wa mambo ya watu.

Kipo kingine chembamba cha Julian Stallabrass, kwenye ule mfululizo wa Oxford wa vitabu vifupi vya utangulizi. Kinaingia kwenye mkoba, na kinaeleza vizuri jinsi fedha na masoko vilivyoitawala sanaa baada ya 1989. Lakini ufupi si wepesi. Kimejaa hoja, na anayekisoma anategemewa awe ameshaona mengi. Ningekiweka kwa baadaye.

Na kipo cha Sidney Kasfir, Contemporary African Art, kilichotoka 1999 na kupata toleo jipya 2020. Huyu anaanzia kwetu. Anazungumzia karakana, walezi wa wasanii, wanunuzi, utalii, mambo unayoyaona kazini kila siku. Lugha yake ni ngumu kuliko ya Gompertz, ila kitabu kina picha nyingi na hoja zake utazitambua, kwa sababu unaishi ndani yake. Mkuki na Nyota, wachapishaji wa hapahapa Dar, nao walitoa mwaka 2008 mkusanyo wa makala unaoitwa Art in Eastern Africa, uliohaririwa na Marion Arnold. Ni makala za waandishi mbalimbali, kwa hiyo unaweza kusoma moja ukaacha nyingine, bila kufuata mstari.

Natamani ningekuambia nunua hiki. Nikitazama ulivyojieleza, naona Gompertz atakupa ujasiri haraka, na Kasfir atakupa mizizi. Ukianza na cha kwanza, hatari ni kuiona historia kama jambo la Paris na New York. Ukianza na cha pili, hatari ni kukwama tena na kusema, "Nilijua mimi siwezi." Wewe ndiye unayejua ni hatari ipi unaiweza zaidi kwa sasa. Kitabu ambacho kaka hatakinunua, kakitafute Maktaba Kuu ya Taifa, au ile ya Chuo Kikuu pale Mlimani, ukaulize utaratibu wa kusomea ndani kwa asiye mwanafunzi. Na usishangae ukikuta vitabu havikubaliani hata sanaa ya leo inaanza lini. Wengine wanahesabu tangu vita vilipokwisha 1945, wengine miaka ya 1960, wengine 1989. Mwaka huo wa mwisho ulikuwa na onyesho kubwa Paris lililowakusanya wasanii zaidi ya mia, nusu yao kutoka nje ya Ulaya na Marekani, wakiwemo akina Chéri Samba na Bodys Isek Kingelez wa Kongo. Linabishaniwa mpaka leo, wengine wakisema lilifungua milango, wengine wakisema lilituonyesha kama maajabu. Mwandishi anapochagua mwaka wa kuanzia, ameshachagua na watu atakaowaacha nje.

Kwa hiyo usimpokee mwandishi yeyote kama hakimu. Chukua Edward Saidi Tingatinga, aliyetoka upande wa Tunduru akaja mjini kutafuta riziki. Mwishoni mwa miaka ya 1960 akaanza kuchora wanyama kwenye hadibodi kwa rangi za baiskeli, na mwaka 1972 akauawa kwa risasi ya polisi, hapahapa Dar, katika tukio la kufananishwa. Kazi yake ilidharauliwa miaka mingi kama vitu vya watalii. Chukua na Sam Ntiro wa Kilimanjaro, aliyesoma Makerere na baadaye akawa balozi wa Tanganyika London. Mwaka 1956 alichora wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku. Picha hiyo iko kwenye mkusanyiko wa jumba la sanaa la kisasa la New York, lile maarufu la MoMA. Mtu wa Moshi anaweza kuitambua safari ile bila maelezo, na wataalamu wengi wa Ulaya hawajui kama ipo. Mambo kama haya hutayakuta kwenye kila kitabu cha utangulizi, na mgeni wako Mtanzania atayapenda kuliko yote.

Wala usione kwamba mambo haya hayasemeki kwa Kiswahili. Kule Lubumbashi, Kongo, katika miaka ya 1970, mchoraji Tshibumba Kanda-Matulu alichora historia ya nchi yake kwa picha takribani mia, kisha akakaa na mwanaanthropolojia Johannes Fabian akamweleza picha moja baada ya nyingine, kwa Kiswahili cha Shaba, yaani cha mkoa wao wa Katanga. Mazungumzo hayo yalitoka kwenye kitabu 1996, na wasomi wanakisoma mpaka leo. Tshibumba hakungoja mtu amtafsirie maana ya kazi yake.

Sasa maamuzi yako. Kumwambia bosi kuna hatari yake, sitakuficha. Wapo mabosi ambao ukisema "sielewi" wanaanza kumtafuta mwingine. Wako simjui. Lakini kuna tofauti kati ya kusema "kitabu kimenishinda" na kusema "kitabu hiki ni cha waliokwishabobea, naomba cha kuanzia, na naomba saa moja kwa wiki ya kukaa na wasanii wa onyesho jipya kabla halijafunguliwa." Sentensi ya pili ni ya mtu aliyekwisha kuanza kazi. Angalia anavyokusikiliza mambo mengine, utajua kama anaweza kuipokea.

Kukariri maneno makubwa kutakuvusha siku mbili tatu. Shida yake ni swali la pili. Mgeni anayejua akikuuliza unamaanisha nini, utakuwa umebaki na neno tupu mdomoni, na hofu yako ya sasa itakuwa imeongezeka. Hata hivyo sisemi usijifunze neno lolote. Jifunze machache, kila moja likiwa limeshikamana na kazi moja unayoweza kuieleza.

Kurudi mapokezi si aibu, kama ndiko moyo wako ulipo. Ila soma tena barua yako. Mtu anayetaka kurudi mapokezi hakosi raha kwa sababu ya swali la mtoto wa watu. Jiulize kama unakimbia kazi au unakimbia siku ya kwanza ya kazi. Na kama baada ya kujiuliza bado unaona nyongeza ile haistahili wasiwasi unaokupa, hilo nalo ni jibu, na watoto wako hawatakosa mama bora kwa sababu hiyo.

Wapo pia wasanii wenyewe. Waliozoea kufanya kazi Nafasi Art Space, kile kituo cha wasanii cha Mikocheni, au wale wa ushirika wa Tingatinga pale Oysterbay, wengi wanapenda kuzungumza wakipata msikilizaji. Watakupa ambacho kitabu hakina: kwa nini rangi hii, kwa nini mfuko ule. Lakini msanii huvutia upande wake, na si kazi yake kukueleza waliomtangulia. Ndiyo maana bado utahitaji kusoma.

Kuhusu mwenzako, sijui ni wivu, ni hofu, au ni ulimi tu. Huenda aliitamani nafasi hiyo. Unaweza kumwepuka. Unaweza pia kumwuliza jambo moja analolijua, kwa mfano alichosoma chuoni kuhusu Makerere na Margaret Trowell, aliyeanzisha shule ya sanaa pale katika miaka ya 1930. Akikujibu vizuri, umepata mwalimu bila ada. Akikudharau tena, umejua, na hukupoteza kitu. Alichokisema kuhusu deki usikibebe. Mikono iliyolisafisha lile pazia kwa brashi kavu misimu yote ya mvua inajua lilivyotengenezwa, na mtunzaji yeyote wa jumba la makumbusho angeuthamini ujuzi huo.

Kabla kaka yako hajalipa fedha, mwambie akupigie picha kurasa tatu na kukutumia kwa simu: ya yaliyomo, moja ya faharasa, na ukurasa wowote wa katikati. Kwenye faharasa tafuta Afrika, tafuta majina ya wanawake, tafuta Anatsui. Ukurasa wa katikati usome kwa sauti, jioni, watoto wakiwa wamelala. Ukifika mwisho wake na unaweza kumweleza mtu ulichosoma, hata nusu yake, hicho kinakufaa. Ukishindwa, mwambie akirudishe rafuni, ashike kingine.

Wako,
Shangazi